Unywele Ndani ya K

Jumapili, 2 Juni

Nimefika! Saa tisa nzima ndani ya basi, miguu imevimba, viatu vimegoma kuvulika. Na Kaka hakuja kunipokea. Alisema atakuja. Alisema mpaka nguo atakayovaa — shati la bluu. Nimekaa kituoni nakodolea macho kila shati la bluu la mji huu, watu wakanidhania kichaa. Mwisho kaja Mama Mdogo, aproni ya kazini bado kiunoni (anafua mashuka hospitalini), ananuka dawa ya madoa kutoka mbali.

— Kaka yako ana mkutano, mwanangu.

Mkutano! Jumapili!

Chumba cha Mama Mdogo ni kitanda kimoja, na godoro langu linaingia chini yake mchana. Viatu vinabaki mlangoni, simu isizimwe, na giza lisinikute nje. Sawa.

Siku kumi na nne. Ndizo Baba alizonipa. Nipate karakana ya mabango itakayonichukua, nisipopata narudi kukaa kwenye kaunta ya Mjomba nauza misumari mpaka ninyauke. Angenifokea ningejua la kujibu. Lakini aliniambia kwa upole, nikakosa hata neno.

Nina brashi tano. Nina daftari langu la herufi. Na kesho naanza kuuzunguka mji mtaa kwa mtaa, mpaka soli ziishe. Kaka kila akipiga simu: brashi zimekufa huku, Matone, huku ni kompyuta tu. Tutaona!


Jumatatu, 3 Juni

Leo Mtaa wa Grisi. Una jina lake halisi, lakini mimi nimeupa hilo. Ardhi nyeusi, inang'aa, ukikanyaga inakubusu kiatu. Magari yamepasuliwa matumbo, watu wamelala chini yake, unaona miguu tu. Na mabango! Ya mkono, karibu yote! Tairi lenye macho na meno. Injini inayocheka. Nilisimama kila mlango kama niko dukani.

Fundi mmoja akatoa kichwa chini ya lori:

— Dada, umepotea? Saluni ziko mtaa wa pili!

— Sijapotea. Nasoma bango lako. Limeandikwa BREKI, lakini hiyo B haiwezi kusimama hata kwenye ukuta, nitaiaminije kwenye gari?

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akagonga kichwa kwenye bampa. Nikajiona nimeshaingia mjini.

Halafu nikafika kwenye karakana ya mabango. Mzee mwenye kofia. Hakufungua daftari langu! Kaliangalia jalada tu.

— Binti, ngazi yangu haijazoea sketi.

— Nitavaa suruali.

— Na suruali ya kike pia haijazoea.

Nilitoka masikio yanawaka. Ngazi yake! Mbao mbili na misumari, nayo ina mazoea!

Ndipo nikaiona. Kona, duka la betri. Stika ya mashine, njano juu ya nyeusi: BETRI — KUCHAJI NA KUUZA. Nikapita. Nikarudi. Nikapita tena. Chini ya kila herufi, pale mguu unapoishia, kuna tone dogo la duara.

Nimejiambia nimechoka. Lakini stika haidondoshi rangi. Inakatwa na mashine! Tone la nini sasa?


Jumanne, 4 Juni

Kaka alisema leo atanitembeza. Asubuhi ujumbe: «Kazi imebana dogo, kesho.» Haya. Nimejitembeza.

Mtaa wa Kuta kwanza. Hakuna nyumba, kuna kuta tu, na juu ya kuta kuna nyaya, na nyuma ya nyaya kuna mbwa. Nimetembea nusu saa bila kuona mtu anayetembea. Mlinzi akatoka kwenye kibanda:

— Unamtafuta nani?

— Simtafuti mtu. Naangalia tu.

— Hapa hapaangaliwi.

Hapaangaliwi! Mtaa mzima! Lakini nilishaona. Nyuma yake, kwenye geti la shule ya watoto wadogo, zimepangwa rangi saba. Herufi zenye matone.

Nikaanza kukimbia. Sijui kwa nini nilikimbia. Nikaingia Mtaa wa Vioo, ule wa maofisi, unajiona mwenyewe kila upande, jasho na nywele zimesimama. Duka la miwani — matone. Duka la viatu — matone. Ubavuni mwa gari la mikate — matone! Nilifika kumi na moja nikaacha kuhesabu. Halafu KLINIKI YA MENO, ghorofa ya kwanza, K mbili zimenizidi urefu.

Na kwenye goti la kila K, mstari mwembamba umekatiza. Mrefu kama mkono wangu.

Huo mstari naujua. Ni unywele!

Ngoja niandike yote, nisije nikajiambia kesho nimeota. Nilikuwa na miaka tisa. Brashi yangu ya kwanza ilikuwa ya Baba ya kunyolea, ile aliyoitupa. Rangi nilikuwa naizidishia mafuta ya taa, inakuwa nyepesi, kila herufi inalia miguuni. Kufuta siwezi. Basi kila chozi nikalizungushia duara, lionekane nimelitaka. Mtaa mzima ukaniita Matone. Nilipofika kumi na sita nikaandika A mpaka Z kwenye ubao wa plaiwudi, kwa brashi ileile, na kwenye K unywele mmoja ukang'oka ukanasa. Nilipouona rangi ilishakauka. Nikauacha.

Ubao uko nyumbani, mmoja tu duniani. Na mtu aliyeupiga picha ni mmoja tu duniani. Wiki aliyohamia mjini, aliinama juu yake na simu yake mpya: «Hata mchwa wakiula, Matone, tutakuwa nao.»

Mchwa!


Jumatano, 5 Juni

Nimempigia Kaka mara tisa. Hapokei.

Sikutoka. Nimefua mashuka yote ya Mama Mdogo, hata yale safi. Katoka kazini kachoka na mashuka ya watu, kakuta yake yananing'inia chumba kizima. Kasema: «Nani kakuudhi?» Nikasema jua kali. Kasema jua halikamui shuka hivyo.


Alhamisi, 6 Juni

Mtaa wa Wino. Hapa ndipo mji unapojichapisha. Mlango kwa mlango ni mashine, zinatema karatasi, zinakata stika, harufu inakukaa kwenye meno. Nikauliza mabango makubwa yanatoka wapi. Wote wakaonyesha kidole hukohuko: kwa Mama Rula.

Mama mnene, miwani kwenye paji la uso, rula ya chuma mkononi. Haitumii kupimia tu, anaipiga mezani mtu akichelewa. Ukutani kwake kumejaa kazi zake za zamani, za mkono, nyekundu za miaka ishirini ambazo hazijapauka. Nilizitazama nikasahau hasira dakika nzima. Huyu anajua! Huyu ndiye!

Nikampa daftari. Kashusha miwani. Kafungua polepole, ukurasa kwa ukurasa.

— Mkono unao. Umeiga vizuri sana.

Nimeiga.

— Hata mkwaruzo wa K umeuweka. Wengi wanausahau. Lakini mwanangu, fonti hii tunayo kwenye kompyuta mwaka wa pili sasa, inaitwa Matone, ya dizaina wetu. Mimi nataka mtu mwenye herufi zake.

Inaitwa MATONE! Kaichukua na jina langu! Nikasikia sauti yangu inatoka nyembamba kama ya mbuzi:

— Ni zangu mimi.

Vijana wa kwenye mashine wakageuka. Mmoja akasema kila wiki anakuja mtu na yake, juzi alikuja aliyebuni namba nne. Wakacheka. Mama Rula kapiga rula, wakanyamaza.

— Na mkwaruzo ni wa nini? Maana dizaina ametueleza. Ni radi. Alama ya kasi yake.

RADI! Unywele wa brashi ya kunyolea ya Baba umekuwa radi!

Ningemtaja palepale. Ningesema: huyo dizaina wenu ni kaka yangu, tumelala godoro moja, K hajawahi kuandika bila kuishia nje ya daftari. Mdomo ukafunguka. Halafu nikaona picha yake ukutani, amevaa tai, chini wameandika kwa herufi zangu: MBUNIFU WETU. Tai ile kaishona Mama. Mdomo ukajifunga wenyewe, nami nimeuchukia tangu saa ile.

Mama Rula kanirudishia daftari. Kisha kasema: soko jipya wanataka ukuta wao uandikwe kwa mkono, plasta yake ina chengachenga, stika inabanduka. Anahitaji mtu wa ngazini. Jumamosi asubuhi niende, niandike A mpaka Z, bila daftari. Dizaina naye atakuwepo, atazame.

— Mwenye herufi hasiti. Mwigaji anasita. Nitakuona.

Nimerudi nimempigia Mama. Nimemwambia autie ubao kwenye basi la mizigo. Picha haitoshi, kwenye picha ni mkwaruzo tu. Kwenye ubao ukipitisha kidole unywele unauhisi, upo, umelala ndani ya rangi. Mama: «Ubao upi, ule tuliofunikia pipa la maji?» Ndiyo, Mama, huohuo! «Wa nini huko?» Nikamweleza.

— Nitakupigia kesho, kasema.


Ijumaa, 7 Juni

Kaka kajitokeza. Mama kamwambia, bila shaka. Kaniita saa sita kwenye kantini nyuma ya hospitali ya Mama Mdogo, kaja na shati la bluu. Leo ndiyo kalivaa! Kavuta kiti kama hakuna kitu.

— Dogo, umependeza. Mji umekukubali.

— Sikujua mji una unywele wa Baba kila kona.

Kaangalia meza. Kaanza kukunja kipande cha karatasi, kakifunga, kakifungua, kama alivyokuwa akifanya utotoni kila Baba akimwita. Kasema nimsikilize. Miezi mitatu ya kwanza alipeleka michoro yake, wakaikataa yote. Walikuwa wamfukuze Ijumaa. Alhamisi usiku akafungua ile picha ya ubao kwenye simu. Alidhani ataitumia mara moja tu, kwa bango la duka la betri. Wakaipenda. Wakataka zote, A mpaka Z.

— Na jina si nimeweka lako? Ningekuwa mwizi ningeweka lako?

— Jina ambalo huku analijua nani? Umeniandika mahali nisipoweza kujisoma!

Watu wa meza ya jirani wakaacha kutafuna. Kaka kashusha sauti. Jumatatu wanamfanya mkuu wa dizaini. Mama ameshaambiwa, mtaa mzima umeshaambiwa. Kisha kasema — naandika alivyosema, neno kwa neno:

— Kesho andika vizuri, mimi nitakuombea nafasi. Sema tu umejifunza kwangu. Basi. Wote tumepona.

Nimejifunza kwake! Kwake! Mtu niliyemshikia mkono akiandika jina lake kwenye begi la shule! Nikasimama, kiti kikaanguka. Nikamwambia hajaiba herufi, herufi ningeandika nyingine. Kaiba chozi langu la umri wa miaka tisa, lile nililokuwa naona aibu, kalivalisha tai. Sijui kama linaeleweka. Yeye kaelewa, maana kile kipande cha karatasi kilichanika vidoleni mwake.

Alipoondoka kalipa chai yangu. Hata hilo limeniudhi.

Jioni Mama kapiga. Sauti ndogo.

— Ninyi mmenyonya ziwa moja. Msivuane nguo mbele za watu. Ubao utakaa hapa.

— Mama, mimi je?

— Wewe una mkono. Utaandika nyingine. Yeye hana kingine.

Ndivyo kasema! Mwenye mkono anyang'anywe, kwa sababu ana mkono! Nikampa Mama Mdogo simu nisije nikasema neno ambalo halirudi. Katoka nayo nje, kafunga mlango. Nimewasikia mtu na dada yake, sauti zinapanda, zinashuka. Nilisikia tu: «Dada, doa ukilikunja ndani linakula shuka.» Kaingia, kazima taa.

Kaunta ya Mjomba. Misumari ya inchi mbili, ya inchi tatu. Naiona.


Jumamosi, 8 Juni

Naandikia juu ya ngazi. Penseli ya kuchorea mistari, daftari hili la siku gotini (lile la herufi nimeliacha chumbani). Mama Rula amesema tungoje, plasta upande wa K bado ina unyevu, wameipaka rangi ya kwanza upya. Nusu saa. Nisipoandika nitapasuka.

Soko lenyewe halijafunguliwa ila watu tayari wamejaa, kila mtaa niliotembea umeleta mtu wake: wa grisi na mikono myeusi, wa maofisi na kadi shingoni, hata mlinzi wa kule kusikoangaliwa, anaangalia! Vijana wa mashine wamekaa juu ya matofali wamekunja mikono. Wameleta na karanga.

Mama Rula alianza kwa kupiga rula ukutani.

— Dizaina, fungua wewe. Tuandikie A, mgeni aone.

Kaka kacheka. Kashika kiganja. Kasema mkono umeteguka tangu jana, hauinuki. Mmoja wa vijana: «Jana si ulibeba printa ghorofani, bosi?» Wakacheka tena, lakini kicheko cha safari hii kilikuwa na kitu ndani yake. Mama Rula hakucheka. Kasema basi ashike ngazi, kwa mkono uliobaki.

Akashika. Kwa mikono miwili.

Nikapiga uzi wa chaki, mistari ikanyooka safari moja. Nikaanza. A. B. C. Sikusita! Mkono ulikwenda wenyewe, nilikuwa na hasira hadi kwenye kucha na hasira ikawa inanyoosha mistari. Nilipofika E hakuna aliyekuwa anatafuna. Kwenye G yule fundi wa lori akapaza sauti: «Dada, njoo na kwangu uisimamishe ile B!» Kila mguu wa herufi nikaweka tone. Kila tone nilisikia ngazi inatikisika kidogo. Sio upepo.

H. I. J. Na hapo tukasimama.

Mama Rula kasogea chini yangu:

— Ukifika K, usisahau radi.

Nimemtazama Kaka. Hakuinua kichwa, ila kasema kwa sauti ya chini, ya nyumbani:

— Weka tu radi, Matone. Weka, tumalize.

Nikiiweka, mimi ni mwanafunzi wake, napata ngazi, napata ukuta, naishi mji huu ninaoupenda — ndiyo, naupenda, laana! — na kila nikipita chini ya bango nitasema asante Kaka. Nisipoiweka, nimesahau, nimesita, mimi mwigaji mbovu. Nikisema ni unywele, watauliza uko wapi huo unywele. Umefunika pipa la maji!

Sasa rangi inakaribia kukauka. Naigusa kwa ncha ya kidole. Bado kidogo.

Kutoka hapa juu naona mbali. Naona kona ya Mtaa wa Wino, naona vioo vinavyowaka jua. Naona kituo cha mabasi. Na naona mtu anakuja kutoka kituoni, anapasua watu kwa kiwiko, aproni kiunoni. Kwapani kabeba kitu kipana, bapa, kimefungwa shuka la hospitali.

Mama Mdogo. Leo si zamu yake? Na nyuma yake, ameshika ncha ya shuka lisiburuzike, kavaa kitambaa chake cha safari, miguu imevimba na basi la usiku —

Mama!

Kaka hajawaona. Amewapa mgongo. Ameiona tu ngazi imeyumba nilipogeuka, kaikumbatia kwa kifua chote, pamoja na mkono ule ulioteguka:

— Tulia dogo. Usiogope, nimekushika.